Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: Watu wa kutoa damu Nairobi wapo

Kwa Waziri wa Afya, Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, na nyote mnaosimamia huduma ya damu

KUH: MIFUKO, TAREHE NA SIMU

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mmoja wa wajitoleaji wanaoandaa siku za kutoa damu katika mitaa ya Eastlands. Mimi si daktari, wala sijaajiriwa na hospitali yoyote. Nashona mapazia. Jumamosi zangu nyingi huzitumia kuazima viti, kubandika matangazo kwenye kuta za maduka, na kuwaomba majirani waje waketi nasi nusu saa, mkono mmoja wa shati ukiwa umekunjwa.

Jumamosi moja ya Agosti tulikuwa na watu 93 nje ya ukumbi wa kanisa. Wa kwanza walifika saa moja asubuhi. Timu tuliyoahidiwa ilifika saa tano na nusu, ikiwa na mifuko 40. Kufikia saa nane mchana mifuko ilikuwa imekwisha, na nje bado kulikuwa na watu. Kulikuwa na mama aliyefunga kibanda chake cha mboga siku ambayo huuza kuliko siku zote. Kulikuwa na vijana wawili waliotoka zamu ya usiku Industrial Area, hawajalala. Nilisimama mlangoni nikawaomba msamaha mmoja mmoja. Tulipowaalika tena Novemba, kati ya wale tuliowarudisha nyumbani walikuja 11.

Siwalaumu waliofika na ile mifuko 40. Wauguzi wale walifanya kazi bila kula, na walichokuwa nacho ndicho walichopewa. Nawaandikia ninyi mnaoamua wapewe ngapi, waletwe na gari gani, na waanze saa ngapi.

Kila upungufu wa damu unapotangazwa, wananchi huhimizwa wawe na moyo wa utu. Naomba niseme kwa heshima kwamba upande huo hatujapungukiwa. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa akiuza viatu vya mitumba Gikomba. Alifunga mzigo wake akamwachia jirani, akatembea hadi alipoambiwa damu inatolewa, akapanga foleni mpaka jioni. Alirudi na pamba iliyobanwa kwa plasta mkononi, mama akamkorogea uji. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi kwa shambulio lile na maelfu wakajeruhiwa. Msiba huo ndio ulioifanya nchi ione haja ya kuwa na huduma ya damu ya kitaifa, nayo ikaundwa miaka michache baadaye. Baba aliishi miaka mingine 18. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyempigia simu, wala kumtumia ujumbe, wala kubisha mlangoni kumwambia, mzee, miezi mitatu imepita, tunakuhitaji tena. Alikufa akiwa ametoa damu mara moja tu maishani. Namjua baba yangu. Angekwenda kila alipoitwa.

Mambo yakawa yale yale baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mnamo Septemba 2013, Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, na hoteli ya Dusit mnamo Januari 2019. Watu walijitokeza kwa wingi, mahema yakajaa, kisha kila mtu akarudi kwake. Kila foleni ya aina hiyo ni orodha ya wachangiaji waliojileta wenyewe kwa miguu yao, wakaandika majina na nambari za simu kwa mikono yao. Nawauliza kwa unyenyekevu: baada ya miezi mitatu, ni nani aliyefungua karatasi zile na kuanza kuwapigia?

Nasema hivyo kwa sababu damu haikai ghalani kama mahindi. Chembe nyekundu hudumu kwenye jokofu siku 35, au 42 zikiwekewa maji maalumu ya kuzihifadhi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu wanazozitegemea wagonjwa wengi wa saratani, huisha nguvu kwa siku 5. Kwa hiyo foleni ya siku tatu, hata iwe ndefu namna gani, haiwezi kuwafaa wagonjwa wa miezi mitatu ijayo. Kinachowafaa ni watu wachache wanaokuja kwa zamu, wiki baada ya wiki.

Wachache kiasi gani? Naomba tupige hesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa nchi huhitaji, kwa uchache, painti za damu zinazolingana na asilimia 1 ya watu wake kila mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu karibu milioni 4.4, kwa hiyo tunahitaji painti 44,000. Jiji hili lina wadi 85 za uchaguzi. Ukigawanya, kila wadi inapata painti 518 hivi kwa mwaka, na kwa kuwa mtu hutoa painti moja kila mara, hao ni watu 43 kwa mwezi. Nilipofika hapo nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimeacha sifuri mahali. Watu 43 kwa mwezi, katika wadi yenye wakazi zaidi ya 50,000 kwa wastani! Najua hospitali za jiji hili hupokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi, na majeruhi wa barabara kuu zote hukimbizwa huku. Basi zidisheni mara mbili, iwe 86. Sisi asubuhi moja ya Agosti tulikuwa na 93.

Badala ya kuwategemea watu wazima wa mitaani, nchi yetu imewategemea wanafunzi wa shule za upili. Sababu naielewa. Wako pamoja, ni wachangamfu, wengi wana afya njema, na mwenye miaka 16 anaruhusiwa kutoa. Nawashukuru watoto hao kwa moyo wote. Wamebeba mzigo wa nchi nzima. Lakini shule zikifungwa, damu nayo inafunga. Likizo ya mwisho wa mwaka huchukua zaidi ya siku 60, na painti iliyotolewa siku ya kufunga shule haifiki hata nusu ya Desemba, mwezi ambao watu wanasafiri kwenda mashambani usiku na barabara zinajaa ajali. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona kuanzia Machi, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari iliyofuata, tuliona sote hatari ya kuegemea nguzo moja. Likizo zinajulikana tangu kalenda ya shule inapochapishwa. Hakuna sababu ya Desemba kutushtua kila mwaka.

Tena kuna desturi ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa walete wachangiaji. Hili limenigusa ndani ya nyumba yangu. Usiku ambao dada yangu alijifungua mtoto wake wa pili alianza kutoka damu, na ikakataa kukoma. Saa saba usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja, mume wake aliambiwa atafute watu watatu wa kutoa damu. Shemeji yangu si mtu wa kulia. Alinipigia simu akilia. Nilikimbia hadi steji ya boda boda iliyo karibu nasi nikawakuta vijana watano wakiota moto. Sikuwajua hata mmoja. Niliwaeleza kwa maneno mawili matatu, na watatu wakawasha pikipiki bila kuniuliza nitawalipa nini.

Dada yangu alipona. Mtoto yule sasa anasoma gredi ya tatu, na ana maneno mengi kuliko sisi sote. Lakini baadaye muuguzi mmoja alinieleza jambo ambalo sikulijua usiku ule. Damu ya wale vijana haikuingia mwilini mwa dada yangu. Haingeweza. Damu yoyote lazima kwanza ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na vipimo hivyo huchukua muda. Painti mbili alizotiwa zilikuwa tayari kwenye jokofu. Zilitolewa na mtu mwingine, siku nyingine, ambaye hakumjua na hatamjua. Tulichokuwa tukitafuta kwa kilio usiku ule kilikuwa cha kujazia jokofu lililokuwa linakaribia kuwa tupu. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Waheshimiwa, ndani ya saa hizo mbili hakuna familia inayoweza kutafuta mtu, akatolewa damu, ikapimwa, ikalinganishwa na ya mgonjwa, ikatiwa. Damu inayomwokoa mzazi ni ile iliyokuwepo kabla uchungu haujaanza.

Na familia isiyo na mtu mjini? Msichana wa kazi aliyekuja Nairobi mwezi uliopita atamwita nani saa saba usiku? Nimesikia pia kwamba mahali penye dhiki kama hiyo hujitokeza watu wa kujifanya ndugu wa mgonjwa kwa malipo. Mtu anayetafuta pesa ana sababu ya kuficha ugonjwa wake anapoulizwa maswali. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza serikali zijenge huduma ya damu juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa. Mmelikubali hilo kwenye sera. Tusaidieni likubalike pia mlangoni pa wadi ya wazazi.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye steji ile ya boda. Vijana wale watatu walikuja wiki iliyofuata kuuliza hali ya mgonjwa, na mmoja akauliza, "Sasa sisi tunarudi lini?" Nikaenda kuulizia, nikaambiwa mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Tukaanza kuandika tarehe kwenye daftari la shule la kurasa 96. Daftari hilo sasa ni la nne.

Naomba niwaeleze kidogo yanayotokea kwenye siku zetu, maana wakubwa wengi huzifahamu kupitia picha za tarehe 14 Juni tu, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Viti tunaazima kanisani na hema tunapewa na kamati ya mazishi ya mtaa. Chifu hutupa ruhusa, na akipata nafasi huja kutoa mwenyewe. Wamama wa kikundi cha akiba huleta mandazi na chai yenye sukari nyingi. Mtu akifika hujaza fomu, hupimwa uzito, ambao usipungue kilo 50, na hupimwa shinikizo la damu. Kisha hudungwa kidole na tone la damu yake hudondoshwa kwenye maji ya buluu. Tone likizama upesi, damu ina nguvu ya kutosha. Likielea, hawezi kutoa siku hiyo.

Hapo kwenye maji ya buluu ndipo tunapopoteza wanawake wengi. Nimeona msichana wa chuo akilia kwa sababu tone lake lilielea mbele ya marafiki zake. Aliona kama amefeli mtihani. Wakati huo wauguzi wana foleni ndefu na hawana nafasi ya kukaa naye, kwa hiyo mmoja wetu humvuta kando. Tunazungumza naye juu ya managu, terere, maharagwe na maini, na juu ya kutokunywa chai pamoja na chakula. Tunamsihi aende kliniki akaangaliwe kwa nini damu iko chini. Lakini sisi ni fundi wa mapazia na waendesha boda. Kila timu ingekuwa na mshauri mmoja tu, na karatasi ya kumpeleka mtu huyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, siku ya damu ingewatibu hata wasiotoa. Msichana yule alirudi baada ya miezi mitano, tone likazama. Nilikuwepo, na furaha yake sitaisahau.

Halafu kuna saa. Damu inayokusudiwa kutenganishwa ili kupata chembe sahani inatakiwa ifike maabara na kushughulikiwa ndani ya saa sita hadi nane tangu itolewe. Gari likifika saa tano badala ya saa mbili, kisha likakwama Jogoo Road jioni, painti ile itabaki na kazi moja wakati ingeweza kuwa na tatu: chembe nyekundu kwa mama mzazi, chembe sahani kwa mtoto mwenye saratani ya damu, plazma, yaani maji ya damu, kwa aliyeungua. Saa tatu za kuchelewa si jambo dogo la ratiba.

Vilevile Ramadhani. Msikiti wa mtaa wetu ulituomba tuandae shughuli usiku, baada ya tarawehe, kwa kuwa mchana watu wamefunga. Waumini walikuwa tayari, na mwanga na ua wa msikiti vilikuwepo. Tukajibiwa kwamba kazi huisha saa kumi na moja jioni. Mwezi mzima ukapita hivyo.

Lipo neno zito zaidi, nalo nalisikia kila ninapobandika tangazo: "Mnatuchukua damu bure, hospitalini mnatuuzia." Najua damu yenyewe haipaswi kuuzwa. Najua pia kupima damu, mifuko, na kuilinganisha na ya mgonjwa ni gharama, na kuna mahali mgonjwa hutozwa gharama hizo. Lakini mwananchi aliyeona risiti ya baba yake haoni tofauti, na mimi sina karatasi yoyote kutoka kwenu ya kumwonyesha. Naomba kila hospitali, ya umma na ya binafsi, ibandike ukutani kwa Kiswahili ni nini hasa kinacholipiwa na ni kiasi gani. Na mchangiaji apate ujumbe wa simu siku painti yake inapotolewa kwenda kwa mgonjwa, bila kutaja jina la mgonjwa. Huko Sweden wachangiaji hupata ujumbe kama huo. Nchi iliyoizoesha dunia kutuma pesa kwa simu haiwezi kushindwa na meseji moja. Nikiwa na ujumbe huo kwenye simu za watu kumi wa mtaa wangu, uvumi ule nitaumaliza kwa mwezi.

Kuhusu fedha, nazungumza kama mlipa kodi. Kwa miaka mingi, tangu 2004, huduma yetu ya damu iliegemea msaada wa Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na Ukimwi. Msaada huo ulipokoma mwaka 2019 ndipo tulipofahamu kwamba hata mfuko wa kutolea damu ulikuwa ukitegemea mkono wa mgeni. Tangu hapo nimesikia kila upande ukitaja upande mwingine. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti hospitali zao, ikaiachia serikali ya kitaifa sera na hospitali za rufaa, na damu ikabaki njiani katikati. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa anayetoka damu haulizi painti yake inatoka bajeti ipi. Kaeni meza moja, serikali kuu na kaunti, mwandike ni nani ananunua mifuko na dawa za kupimia, ni nani analipia gari na mafuta, na mtuonyeshe fungu hilo kwenye bajeti kwa jina lake.

Tunachoomba sisi wajitoleaji ni kidogo. Tupeni kalenda ya mwaka mzima, wadi kwa wadi, yenye tarehe ambazo hazibadilishwi usiku wa kuamkia, na Novemba na Desemba zipewe siku nyingi kuliko miezi mingine. Mtuhakikishie idadi ya mifuko kabla hatujawaita watu; tukiambiwa ni 50 tutaita 60, wala hatutaita 200. Pawe na mtu mmoja mwenye simu inayopokelewa Jumamosi. Na majina yaliyo kwenye fomu yatumiwe: siku mwanamume anapotimiza miezi mitatu, mwanamke minne, simu yake ilie. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini. Wanapita nyumba hadi nyumba, wanamjua nani ni nani. Waongezeeni swali moja tu kwenye ziara zao.

Hatuombi posho. Hatuombi fulana zenye picha ya mtu yeyote.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakuwa kwenye ukumbi ule ule wa kanisa kuanzia saa mbili asubuhi. Hema tumeshaahidiwa, na mama wa mandazi ameshanunua unga. Kwenye daftari la nne kuna watu 71 ambao miezi yao imetimia, na nimewapigia wote mwenyewe, wakiwemo wawili kati ya wale vijana watatu wa boda. Wa tatu alihamia Nakuru, lakini ameniambia atakuja na gari la alfajiri. Mama wa mboga amesema atafunga kibanda kwa mara nyingine. Nimemwahidi kwamba safari hii mfuko wake utakuwepo, na ahadi hiyo nimeitoa kwa niaba yenu.

Wenu katika huduma,

Mjitoleaji, Eastlands, Nairobi